Gia ya Nne Ni ya Jenerali

Jumatatu, 8 Septemba 1975

Leo nimekuwa mtaalamu wa injini. Sikupanga.

Asubuhi Kapteni Taban ameteremka kutoka kambi ya Mbuya na gari lake jekundu la spoti. Kuukuu, fupi, halina paa, la mtu aliyefukuzwa nchini miaka mitatu iliyopita. Tulilisikia kabla ya kuliona. Linalia kama nguruwe anayechinjwa! Old Kampala nzima iliziba masikio.

Kapteni si mtu wa maneno mengi. Gereji yetu haina mwenyewe tangu Mhindi aliyeijenga aondoke, na barua ya kuigawa iko mezani kwake. Itaandikwa jina langu, Okeny, karani wa stoo kwa miaka tisa, au jina la Mushagalusa, fundi Mkongo. Jumamosi Kapteni anakwenda Entebbe na maafisa wenzake. Atakayelinyamazisha gari kabla ya hapo ndiye mwenye gereji. Likiendelea kulia... hapo akaishika bastola yake, hakumaliza.

Mushagalusa akaliendesha kidogo uani, akatazama ile saa inayohesabu injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Akaninong'oneza kuwa gari ni zima kabisa. Kapteni habadilishi gia, basi. Ametoka Mbuya mpaka hapa kwa gia ya pili, mshale umelala kwenye rangi nyekundu njia nzima. Nimwambie tu.

Nimwambie! Kapteni mwenye bastola, kwamba hajui kuendesha! Nikamwambia Mushagalusa amwambie yeye. Ghafla akakumbuka ana kazi ya haraka chini ya lori.

Nikabaki mimi na spana. Kapteni akauliza kwa nini gari lina gia nne na yeye anatumia mbili. Kinywa kikafunguka chenyewe. Nikasema, afande, gari hili Waingereza waliwatengenezea maafisa, gia zake zinakwenda kwa cheo. Ya kwanza ya luteni. Ya pili ya kapteni. Ya tatu ya meja. Ya nne ya kanali, kupanda mpaka jenerali.

Nikaanza kusali sala za mwisho. Kapteni akaitikia kwa kichwa, polepole. Akasema alijua tu kuna jambo, kwa sababu kila akiigusa ya tatu mkono ulikuwa unaona haya. Je, ya kurudi nyuma? Nikasema hiyo ni ya kila cheo isipokuwa jenerali. Jenerali harudi nyuma.

Hiyo ameipenda sana. Ameliacha gari hapa na kuondoka kwa Landrover ya jeshi, anacheka peke yake.

Jumanne, 9 Septemba

Nimejifunga mwenyewe. Kapteni atabaki kwenye gia ya pili, kwa hiyo injini lazima inyamaze ikiwa kwenye gia ya pili. Mushagalusa anasema jambo hilo halina dawa. Wivu!

Stoo kuna magazeti ya magari ya Mhindi. Nimeyasoma yote, hasa picha. Yanasema gari kuukuu la spoti likiongezewa kabureta linapumua vizuri. Kabureta nimeipata Bwaise, kwenye mashine ya kusaga unga wa posho iliyozama mafuriko yaliyopita. Nimeifunga kwa waya.

Matokeo: gari sasa linalia kwa sauti mbili.

Nikaziba ekzosi kwa gunia. Kimya! Kimya kitamu, dakika nzima. Halafu PUU! Gunia likaruka likiwaka moto na kutua kwenye sufuria ya maharage ya Adero, mama anayetupikia langoni. Mtaa mzima ukalala kifudifudi. Hakuna aliyeuliza ni nini, siku hizi watu hulala kwanza. Adero peke yake ndiye aliyebaki amesimama, mwiko mkononi. Aliyoniambia siwezi kuyaandika humu.

Jumatano, 10 Septemba

Balaa. Kapteni amewafundisha askari wote wa kizuizi cha Bombo Road habari ya gia na vyeo. Leo wamemkamata dereva wa lori la matoke akiwa kwenye gia ya nne. Raia! Tena na ndizi! Landrover ikaja kunichukua nikatoe ushahidi wa kitaalamu.

Nikamkuta maskini amevuliwa viatu, amekaa juani, anaapa kwamba gia ya nne aliikuta garini, hakuitia yeye. Nikakohoa. Nikatangaza kuwa gia za lori ni za kiraia, hazihesabiwi vyeo. Kapteni akafikiri, akakubali, akamwachia. Dereva amenipa mkungu mzima. Nimejiona mtu mwenye huruma sana.

Mushagalusa hakucheka. Amesema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu mbona yangu imeshafika Bombo Road. Tumekula matoke bila kusemeshana.

Alhamisi, 11 Septemba

Mushagalusa ameifungua ile kabureta yangu na kuitupa, bila hata kuniuliza. Unga ulimwagika kutoka ndani yake. Nimekasirika, nikachukua ufunguo, nikatoka na gari peke yangu. Mtaalamu lazima asikilize.

Gia ya pili. Kelele zile zile, mshale unakimbilia kwenye nyekundu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Hakuna mtu. Nikatia ya tatu. Mshale ukashuka, kelele zikapungua nusu. Nikatia ya nne.

Banange! Injini ikaanza kuimba chini chini kama mama anayebembeleza mtoto. Bwaise ikapita na madimbwi yake, bata, povu la sabuni, watu wananipungia mkono. Sijapata furaha ya namna ile tangu nizaliwe, na harusi yangu naihesabu. Gari halikuhitaji kitu! Hata skrubu!

Kwenye kizuizi Koplo Ojok alikuwa amekaa juu ya pipa. Akasikia mngurumo ule wa chini, mafunzo ya Kapteni yakamjia. Gia ya nne! Akaruka, akasimama wima, akapiga saluti.

Nami nikampigia.

Ijumaa, 12 Septemba



Asubuhi Kapteni amekuja na Koplo Ojok. Kuna taarifa kwamba jenerali amepita Bombo Road katika gari jekundu bila paa. Gari la namna hiyo Kampala liko moja. Koplo hakuona sura, alikuwa anatazama juu kama saluti inavyotaka. Kapteni akauliza, sauti ya chini kabisa, ni raia gani huyo amejifanya jenerali. Watu wanaoulizwa maswali kwa sauti ile huwa hawarudi kula chakula cha jioni.

Nikamnyooshea kidole Mushagalusa. Ndiyo, nimefanya hivyo. Mkimbizi, hana karatasi, hana ndugu hapa. Adero aliniona. Bado ananitazama nikiandika.

Mushagalusa akaweka spana chini, akafuta mikono. Hakunitaja. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba afande, fundi wa nguo akishona koti la jenerali, lazima alivae kwanza aone kama vifungo vinafunga. Je, kwa hilo amekuwa jenerali?

Kapteni akashika kifungo cha gwanda lake. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya paa. Mwisho akasema hapana, bado ni mshonaji. Koplo akashusha bunduki.

Mkongo hakuishia hapo. Akasema jeshini afisa anaweza kukaimu cheo cha juu. Basi kapteni pia anaweza kukaimu gia, mradi awe na kibali. Kesho Entebbe, afande akaimu ya tatu na ya nne. Mshale ukikaribia nyekundu, ni amri ya kupanda. Ukishuka sana, ni amri ya kuteremka. Akaandika kibali hapo hapo, akapiga muhuri wa gereji. Muhuri wangu! Niliufungia stoo mimi!

Kapteni amekunja kibali na kukitia mfuko wa kifuani. Alikuwa na machozi.

Jumamosi, 13 Septemba

Kapteni ameenda Entebbe na kurudi. Gari liliingia taratibu hata Adero hakugeuka. Amesema amewapita mameja wawili. Ametoa barua kifuani.

Jina la Mushagalusa. Limeandikwa kwa taipu, herufi kubwa.

Nimelia stoo, nyuma ya matairi. Miaka tisa! Mushagalusa amekuja na sahani ya maharage, amekaa nami. Neno la jana hakuligusa. Amesema nitabaki karani, mshahara ule ule. Ameomba kitu kimoja tu: mteja akiuliza gari lina nini, nimwambie gari lina nini. Nimeapa kwa kaburi la baba yangu. Na nilimaanisha, kabisa.

Jumatatu, 15 Septemba

Mushagalusa yuko mjini anatafuta plagi. Nikiwa peke yangu, ameingia kanali. Kanali mzima! Gari la spoti la bluu, kuukuu, linatetemeka kama mgonjwa wa malaria na kuzimika kila hatua tatu. Askari wanne walikuwa wanalisukuma.

Amesema Kapteni Taban amemweleza habari za vyeo. Tangu jana anaondoka kwa gia ya nne. Hawezi kujishusha kutumia gia ya luteni. Gari lina nini?

Jibu lilikuwa sentensi moja. Anzia ya kwanza, afande. Nilikuwa nalo ulimini. Nimekumbuka kiapo, nimemkumbuka Mushagalusa, nimefungua kinywa.

Nikamwambia yuko sahihi kabisa, kanali hagusi gia ya luteni. Alete luteni wake. Amtilie ya kwanza, kapteni amtilie ya pili, meja ya tatu, yeye apokee ya nne.

Amenishika mkono. Amesema kesho saa mbili asubuhi anakuja nao wote watatu.

Gari lina viti viwili. Tangu mchana napima boneti itakalisha maafisa wangapi.