Kosa la Kumpa Pole Mkuu wa Kitengo

Nina furaha kuutangazia umma kwamba Idara yetu ya Mizani na Vipimo, baada ya kupima kilo na lita kwa miaka mingi, sasa inapima maneno. Kuanzia mwaka huu, mtumishi anayezungumza na mwenzake kazini, iwe koridoni, mlangoni au kwenye foleni ya chai, atatumia neno sahihi la Kiingereza kutoka Orodha ya Maneno Yaliyoidhinishwa. Orodha ina maneno mia mbili na kumi na mawili. Pale ambapo neno bado halijaidhinishwa, mtumishi atanyamaza. Kifungu hicho cha kunyamaza nilikitunga mimi, Mkuu wa Kitengo cha Neno Sahihi, kwa siku nne, maana kazi nyingine sikuwa nayo.

Mafanikio yalionekana mapema. Watu waliozoea kuulizana habari za nyumbani mpaka saa nne sasa walitikisiana vichwa wakapita. Dereva alikaa siku mbili bila kusema kwamba breki za gari la idara zimekwisha, kwa kuwa namna ya kulisema hilo ilikuwa bado mezani kwa kamati ya kuidhinisha maneno. Tulikuja kuligundua wenyewe, kwenye ukuta wa maegesho.

Kisha nikaanguka. Nilikuwa nashuka ngazi nimebeba kamusi, juzuu zote mbili, nikakanyaga hewa, nikafika chini kwa kiuno. Wenzangu sita walisimama kunizunguka. Niliona midomo yao ikichezacheza, lakini neno la kumwambia mtu aliyeumia kamati ilikuwa imelijadili vikao kumi na kimoja bila kuelewana, hivyo wakanyamaza kwa mujibu wa kifungu changu. Nakiri ule ukimya uliniuma kuliko kiuno. Ndipo Mama Usafi, anayepiga deki jengo zima na ambaye kabla ya orodha hata Mkurugenzi alimwamkia, akaweka ndoo chini, akanishika mkono.

"Pole, mwanangu," akasema.

Nilitaka kumwitikia. Badala yake nikamshtaki. Ningefanyaje? Mashahidi walikuwa sita, na sheria ni msumeno. Faili lake lilikwenda mbio kuliko faili lolote nililowahi kulishika, barua ya kumwachisha kazi ikachapwa, ikabaki tarehe na saini. Alikuwa amebakiza miezi saba tu astaafu.

Siku ya kikao, ambako Kiswahili huruhusiwa kwa mambo ya faili tu, Mkurugenzi aliongoza mwenyewe. Mama Usafi aliwekwa kwenye stuli karibu na mlango, mikono mapajani. Alipoulizwa kama ana la kujitetea, alisema orodha hajaisoma, ila mtu akianguka mbele yake hawezi kumruka kama gunia. Mkurugenzi akamweleza kwa subira kubwa kwamba nidhamu ni nidhamu, akavuta kiti mbele ili atie saini. Kiti kile kina mguu mmoja ulioungwa kwa gundi. Fundi alikuwa ameleta taarifa, tukamrudishia kwa kukosa neno sahihi.

Mkurugenzi akaenda chali. Wajumbe saba tulisimama kwa pamoja, tukafungua orodha. Mimi nilianzia ukurasa wa mwisho ili kuokoa muda. Tulimsikia akigumia huko chini, na mmoja wetu akainua kidole, akakishusha. Neno halikuwemo. Tulijua halimo, na bado tukapekua.

Stuli ikasogea. Mama Usafi akapiga magoti, akampa mkono.

"Pole, baba. Pole sana."

"Nimeshapoa, mama," Mkurugenzi akasema. "Asante."

Kilichosikika baada ya hapo ni kalamu ya katibu. Katibu wetu ni binti mwenye mwandiko mzuri na hofu ya Mungu, huandika kila kinachosemwa. Mkurugenzi, akiwa bado sakafuni, alimwomba alifute lile jibu. Binti akamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba muhtasari wa kikao haufutwi, na waraka wa kusema hivyo aliusaini Mkurugenzi mwenyewe. Basi barua moja haikutosha tena. Zilihitajika mbili, zitoke siku moja, kwa kuwa kosa ni moja na faili ni moja. Ya Mkurugenzi inapaswa kusainiwa na Mkurugenzi, na mpaka leo hajapata nafasi. Kwa hiyo Mama Usafi yuko kazini, na kwa mwendo huu atastaafu kwanza.

Jana nilimkuta ngazini akipiga deki. Kiuno bado kinanisumbua, nilikuwa nashuka kwa kushikilia ukuta. Akasogeza ndoo nipite, akaniuliza kiuno kinaendeleaje. Nikatazama chini, nikasikiliza. Hapakuwa na mtu. Mwezi mzima nilikuwa nimelibeba kifuani jibu la ile pole yake, mimi mtu mzima mwenye kamusi ya juzuu mbili, na nikaona aibu.

"Nimeshapoa, mama," nikasema. "Nisamehe."

Juu yetu, kwenye kona ya ngazi, kalamu ya katibu ikabofywa.