Ua ya Mukuba Kule Joli Site

7 Oktoba, siku ya kazi moya

Radio imetangaza: wiki hii yote bakubwa ya Joli Site, quartier ya batajiri ya Kolwezi, banafungua mageti, batu bote baingie kuangalia maua. Concours! Jury itapita siku ya Mungu kisha misa, na itachagua bustani moja tu. Mi Polycarpe, mutu ya Kapata, cité ya bafanyakazi ya mine, mwenye nimefika Lubumbashi mara ine na Ndola kule Zambia mara moja (nilibaki pa kituo ya bus, lakini Ndola ni Ndola), nilielewa palepale. Batu beko na hitaji ya guide. Batu ya Kapata habajui kutembea mu barabara yenye haina mashimo. Batapotea.

Nimeandika programu ku kaye ya shule ya mutoto: Mambo ya Kufanya Joli Site. Kwanza, kunusa rose, mikono nyuma. Pili, kupiga picha mbele ya piscine ya kuogelea ya directeur ya mine, kama sentinelle wa geti analala. Tatu, kusimama chini ya jacaranda na kuzungumuza polepole, kama batu wenye beko na frigo mbili. Bibi yangu Bilonda, mama ya mutoto, alisoma, akauliza kama ya ine ni kukimbia imbwa. Bibi haoni mbali.

8 Oktoba, kazi mbili

Nilienda kutafuta bustani ya kuanzia. Mu lupango, kiwanja kubwa ya Mama Odile, tajiri moja ya pale, nilikuta Tata Kalombo, jardinier, mutunza maua, rafiki ya marehemu baba yangu. Miaka makumi mbili na mbili eko pale. Alikuwa anakata majani na mukasi, taratibu, kama anakata mutoto nywele.

Nikauliza habari. Alinieleza bila kuacha kukata. Mama Odile amemwambia wazi: bustani isiposhinda siku ya Mungu, mwezi ujao batu ya Lubumbashi banakuja kutandika majani ya plastiki. Plastiki hainywi maji. Plastiki haina hitaji ya jardinier. Na Tata Kalombo eko na miaka makumi sita na ine, nani atamuandika tena? Hakulalamika hata kidogo.

Nikamwambia: "Tata, tokea leo hii bustani iko mu mikono yangu."

Aliangalia mikono yangu muda murefu. Akaniomba nisiguse kitu.

Nikitoka, nani pa geti ya jirani, kwa Mama Tatiana? Stany! Kaka ya bibi yangu! Eko na kofia, eko na megafoni ya kanisa, anaita batu baingie kuona rose zenye zilikuja na ndege toka Ulaya. Guide, yeye! Mutu mwenye aliacha shule ku mwaka ya tano ya primaire. Mi nilifika ya sita.

9 Oktoba, kazi tatu

Circuit ya kwanza. Nilitoka Kapata na batu kumi na moja. Nilifika kwa Mama Odile na batu babili, na moja alikuwa analomba choo. Bengine bote balifuata megafoni.

Nikakaa chini nikafikiri. Rose, kila mutu eko nayo. Inatakiwa ua yenye hakuna mwenye eko nayo. Na mi najua iko wapi! Nikapanda velo yangu ya pedali mpaka ku kile kilima nyuma ya Kapata, kwenye muti hata moja haikubali kuota, juu udongo umejaa mukuba, njo shaba ya mine. Pale ile ua ndogo ya violet njo inacheka peke yake. Nikaing'oa na udongo wake yote, kijani kama chupa ya bière, juu ku udongo ingine inakufa. Sac nzima ya unga ilijaa. Velo ililia njia yote.

Tata Kalombo alipoona akashika kichwa. Alisema hata mutoto ya Kolwezi anajua: kwenye ile ua iko, mukuba iko chini. Mutu ya hapa haangalie ua, anaangalia chini yake. Nikamjibu kwamba jury ni batu ya masomo, banaangalia ua, si chini yake. Akakataa. Nikataja jina ya baba yangu. Akachukua jembe, akachimba shimo katikati ya majani yake mazuri. Niliona inamuuma. Lakini operesheni pia inauma, na batu banapona.

11 Oktoba, kazi tano

Ushindi! Ua imefungua maua ine. Mama Odile alishuka na chai yake, akauliza jina. Nikasema Violette Royale. Sijui ilitoka wapi. Jina inakujaka yenyewe kwa mutu mwenye ametembea.

Leo nilileta batu makumi mbili, na kati yao creuseurs batatu, bachimba mukuba, na bottes zao. Bote balisimama mbele ya ua. Heshima ya kanisa! Tata moja alipiga magoti. Nilifikiri anasali. Alichukua udongo kidogo, akausugua mu kiganja, akaonyesha rafiki yake ile rangi ya kijani. Kisha balitoka mbio, bila kunusa rose hata moja, bila kulomba maji.

Kisha ya saa moja tu kupita, batu balijaa pa geti yetu kama siku ya kugawa unga. Stany alibaki kule anaimbia imbwa ya Mama Tatiana mu megafoni. Nilimpungia mukono. Mi si mutu ya kisasi, nilipunga mara moja tu. Tatu.

12 Oktoba, siku ya posho

Nilifika saa mbili asubuhi na batu yangu. Hakuna mwenye alitupokea. Barabara yote ilikuwa inalia: ko, ko, ko. Pioche! Joli Site yote inachimba.

Eti creuseurs balisema mukuba inatoka kwa Mama Odile, inapita chini ya kila lupango mpaka ku rond-point ya barabara. Directeur alikuwa mu shimo na pyjama yake, ametoa maji mu piscine juu achimbe chini. Mama Tatiana aling'oa rose za ndege na mikono yake. Stany alikuwa anasukuma brouette ya udongo. Nilimuuliza megafoni iko wapi. Alisema banabebea udongo ndani.

Nikakimbia kwa Mama Odile. Bandugu yake bane balikuwa tayari pa geti na mapelu ya kuchimba, na mama mwenyewe nyuma yao. Mbele yao, Tata Kalombo, peke yake, na mukasi yake ya majani. Hakusogea.

Nilitaka kusema ukweli. Nilifungua kinywa, ikatoka hotuba juu ya sayansi. Tata Kalombo akanikata maneno.

"Mama," alisema, "ile ua ilikuja na sac. Udongo wake pia. Huyu njo aliileta na velo, na shimo nilichimba mi. Chini kuko udongo mwekundu na mipira ya maji. Niliizika mwenyewe, mwaka wenye mulihamia."

Moja ya bandugu akacheka, akasema muzee amelipwa. Mama Odile hakucheka. Alisema: "Huyu tata, miaka makumi mbili na mbili, hajanidanganya hata juu ya ndimu moja. Rudisheni mapelu."

Balirudisha. Kisha mama akanigeukia mi. Yenye aliniambia siiandiki. Hii kaye ni ya mutoto.

13 Oktoba, siku ya Mungu

Jury ilikuja kisha misa. Presidenti, Mama Jocelyne, mutu ya kilo mingi, na viatu vyeupe. Bustani ya kwanza: shimo. Ya pili: shimo mbili. Kwa directeur: matope, na directeur ndani yake. Kwa Mama Tatiana, Mama Jocelyne alizama mpaka magoti, ikatakiwa brouette ya Stany kumutoa.

Kwa Mama Odile: majani yamekatwa sawasawa, rose zimesimama, ndimu zinanukia. Jury yote ilikaa pa kivuli, ikalomba maji, ikaandika palepale. Presidenti aliuliza tu juu ya kale kamajani katikati. Tata Kalombo alijibu kwamba ni mugeni, hatakaa.

Kombe! Mama Odile alimpa Tata Kalombo alishike kwa picha. Akasema mbele ya batu bote kwamba huyu tata atatoka pale siku yeye mwenyewe atachoka, na plastiki ibaki Lubumbashi. Tata Kalombo hakulia. Mi njo nililia, nyuma ya muti, juu batu basinione.

Nikaeleza Stany hesabu yake: bila ua yangu, habangechimba, na kama habangechimba, hatungeshinda. Nilipanga yote. Stany aliuliza kama na presidenti kuzama nilipanga. Nikasema ile ilikuwa bonus.

14 Oktoba, kazi moya

Nikinywa chai, kichwa ilifunguka. Joli Site yote balichimba, habakukuta kitu. Juu ya nini? Juu balichimba mbali na ua! Pahali pamoja tu hapajachimbwa. Ndiyo, najua, ni mi niliileta na sac. Lakini maua ine mu siku mbili! Ua haiwezi kufurahi vile bila sababu.

Nilieleza Bilonda. Alitoka inje, akabaki anaangalia mawingu.

Nikafunga pioche mu kitenge, nikaenda Joli Site. Tata Kalombo alifungua geti. Aliangalia kitenge, akaniangalia mi. Akachukua pioche, akaiweka mu dépôt ya vyombo, akafunga na cadenas, ufunguo mu mufuko. Akanipa arrosoir ya kunywesha maji. Alisema nianze na miti ya ndimu, na nikimaliza tutakula bukari pamoja. Kesho nirudi saa kumi na mbili asubuhi, na kesho kutwa, na kila siku, juu Mama Odile amekubali mutu wa pili mu bustani, na yeye alitaja jina yangu.

Nilinywesha ndimu zote kumi na moja. Toka ndimu ya mwisho mpaka pa ua, nimehesabu, ni hatua munane tu.

Niko ndani. Masikini Tata Kalombo, hana habari hata kidogo.