Mkunga Mmoja wa Hospitali Yetu, Ambaye ni Bibi-Arusi Wangu

Kwako Mzee Ntabaza, Mwenyekiti wa Kamati ya Hospitali,

Mzee wetu, amani iwe nyumbani kwako kama ilivyo kwangu, mke wangu anapokuwepo. Mimi ni fundi cherehani wa hapa Kamembe, na tangu mavuno ya maharage ni mume wa Nasiba. Nitalitaja jina hilo hata pasipo lazima, unisamehe. Linapendeza hata kwenye barua ya malalamiko. Ninyi mnamjua kama mkunga. Mimi namjua kama asali.

Kwanza, hongera kwa jengo jipya la uzazi lililojengwa kwa fedha za serikali. Siku ya uzinduzi niliona utepe ukikatwa, na vigae viking'aa hata Nasiba akionekana wawili, mmoja amesimama, mmoja sakafuni. Katika hotuba yako ulituambia mshahara wa mkunga wa pili utasubiri bajeti ijayo. Mpaka leo, mkunga wa pili tuliye naye ni huyo wa sakafuni. Kwa hiyo nalalamika:

1. Kwetu Waislamu, bibi-arusi akiwa kwenye fungate hatoki nje. Hapiki, hafui, kazi yake ni kupendwa tu. Shangazi yake, Maman Mwavita, alikuwa akimrudishia hina viganjani, haijakauka, mara pikipiki ikafika kutoka Gashonga: kuna mama ana uchungu. Maman Mwavita akasimama mlangoni kumfokea motari, mwenye pikipiki, kwamba bibi-arusi haonwi na watu. Alipogeuka, bibi-arusi ameshatoka kwa mlango wa uani. Wanasema yule mtoto alizaliwa salama, na ua la hina mgongoni.

2. Wenye shukrani huniletea mimi zawadi. Watu wa Nkanka wanaleta sambaza, vile vidagaa, wa Butare wanaleta ndizi. Sambaza wa ziwa letu ni watamu, Mzee, lakini hawajui kumwambia mtu pole na kazi.

3. Nilimtungia Nasiba shairi. Alisinzia kwenye ubeti wa pili, na viatu miguuni. Simlaumu. Nauliza tu: bajeti ikikosa mshahara wa mkunga, ni haki pengo lizibwe kwa mashairi yangu?

4. Juzi Nasiba akiwa na mzazi mmoja ndani, Nyiransabimana wa Butare alijifungulia kwenye benchi la nje, akishikwa mkono na mlinzi wa lango. Mama na mtoto wako hai, Mungu ashukuriwe. Kamati nayo ina la kujivunia: vigae havikuchafuka.

5. Kwa kuwa mkunga haongezeki, naomba uchungu upunguzwe. Nkanka wazae Jumatatu, Gashonga Jumanne, Butare Jumatano. Kuanzia Alhamisi asizae mtu, ili Nasiba akae nyumbani. Wajumbe wa kamati watangulie kuonyesha mfano.

6. Hilo likishindikana, fungeni jengo kabisa, libaki la kuzinduliwa. Limeshaonyesha kwamba linaweza kung'aa bila wakunga.

Nisalimie mkeo Maman Odette na wanao, wajumbe wote, na zaidi ya wote yule mlinzi wa lango, ambaye sasa ana uzoefu.

Ni mimi, mwenye furaha na malalamiko,
Hamimu Mugabo, mume wa Nasiba

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Nasiba amerudi. Ameisoma barua yote amesimama, amecheka, kisha amechukua mkono wangu na kuuweka tumboni mwake. Mzee, nakuomba ufute namba ya tano na ya sita, na zile za juu uzisome kwa haraka. Nimegundua pia kwamba Kamembe sikuipangia siku hata moja. Nimemuuliza Nasiba, siku yake ikifika, nani atamzalisha yeye. Amenijibu nisiwe na wasiwasi, yupo yule wa sakafuni.