Malalamiko Dhidi ya Mbuzi Aitwaye Shangazi

Mheshimiwa Meneja wa Shamba la Mjini,

YAH: MBUZI WENU KUNIVUNJIA HESHIMA NYUMBANI NA KAZINI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni muuza nyama, mtu mzima mwenye bucha safi na familia yenye adabu. Jumapili iliyopita tulikuja kutembea shambani kwenu: mimi, mama watoto, mama mkwe na binti yangu kitinda mimba, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule. Tuliingia tukiwa kitu kimoja. Wakati wa kutoka wao walitangulia wamekunja nyuso, mimi nyuma nimebebeshwa mikoba ya wote.

Naomba kueleza yafuatayo:

1. Mbuzi kupewa jina. Kumvisha mbuzi kibao shingoni kilichoandikwa "Shangazi" ni uchokozi. Binti yangu alimwamkia shikamoo, mbuzi akalia meee, mtoto akaapa kwamba ameitikiwa marahaba. Ukoo wangu ukaongezeka hivyo hivyo, bila mimi kushirikishwa.

2. Kutegwa. Mlituruhusu tumpapase. Sasa, Meneja, mkono wa muuza nyama haujui kupapasa! Ulikwenda wenyewe mgongoni, ukabonyeza mbavu, ukashuka pajani, na mdomo nao, bila kutumwa na mtu, ukatangaza: "Huyu kilo kumi na nane, ukitoa kichwa." Jamani! Mama mkwe alicheka mpaka akakalia ndoo ya maji, akalowa, akaninunia. Binti yangu hakucheka. Aliuchomoa mkono wake kwenye mkono wangu, na tangu hapo hataki kunishika, hata tukivuka barabara. Hushika ncha ya shati langu kwa vidole viwili tu. Inaniuma, sikufichi.

3. Biashara. Akitoka shule hukaa buchani. Mteja akiagiza nusu kilo, yeye humuuliza kwa upole, "Nusu kilo ya nani?" Mwalimu wake mwenyewe alighairi, akaenda kununua maharage.

4. Undugu. Dada yangu, shangazi halisi, alikuja kutusalimu. Mtoto alimkumbatia huku analia, akamsihi akimbie kabla baba hajampima. Dada kanuna mpaka leo. Anadai nimemsengenya kuhusu unene wake.

5. Kwa hiyo nadai mbuzi huyo avuliwe jina mara moja. Pili, mlete mwingine asiye na haya, mpiga pembe na mla nguo za watu, ili mtoto amchukie. Tatu, Shangazi aletwe nyumbani kwangu kwa gari lenu, atamke mbele ya familia kwamba hana kinyongo nami. Mkipuuza, nitakata rufaa kwa bata mzinga wenu, ambaye siku ile ndiye pekee aliyenitazama kwa huruma.

Nisalimie mkata tiketi, mtunza zizi na sungura wote, wakubwa kwa wadogo.

Wako katika majonzi,
Muuza Nyama

N.B. Tafadhali usitekeleze hata moja. Asubuhi hii binti yangu amenikuta naandika, akauliza kama namwomba Shangazi msamaha. Nikasema ndiyo, ningesema nini? Basi kanishika mkono mpaka shuleni, vidole vyote! Jumamosi tunakuja. Naomba unijulishe mbuzi hupenda kula nini. Nimewachinja tangu ujana wangu na sijawahi kuuliza.