Mawe ya Kwenye Trei ya Barafu

Siku Waziri alipomwona mama mmoja akitoka dukani kwa sonara na kidani cha jiwe la buluu shingoni, anatembea kama barabara nzima kajengewa yeye, alisimama katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli akamtukana. Hakusikia. Kichwani alikuwa ameshafungua mgodi.

Waziri halikuwa jina lake, wala wizara hakuwa nayo. Alikuwa na koti, sauti nzito, na kitanda cha kukunja katika stoo ya dada yake mwenye saluni. Na hiyo stoo nayo ilikuwa inaponyoka.

"Ijumaa mama mkwe wangu anakuja," dada alimwambia. "Atalala humo. Tafuta pa kwenda."

"Dada, mimi ndugu yako wa tumbo moja!"

"Ndiyo maana nimekuvumilia miaka mitatu. Mwingine ningemvumilia wiki."

Basi Waziri akaingia kazini. Chupa moja ya resini, ile plastiki ya majimaji, nyingine ya dawa ya kuigandisha, sawa kwa sawa, koroga taratibu. Rangi ya buluu. Mchanga laini kidogo, jiwe lipate uzito wa kueleweka. Masizi ya sufuria kwa kijiti, yapite kama mishipa. Mapovu aliyafukuza kwa drai ya saluni, aliyoiazima bila kumsumbua mwenyewe kwa maombi. Akamimina kwenye trei ya barafu, na yalipokauka akayasugua kwa msasa, kisha kwa dawa ya meno. Na kwa kuwa resini mkononi ina uvuguvugu ambao jiwe halina, aliyalaza kwenye friji, akayatembeza ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Nusu ya bidii hiyo angeiweka kwenye kazi halali, leo angekuwa na kitambi.

Majaribio aliyafanya mtaani. Watu saba walinunua. Mmoja wao ni mimi ninayesimulia, lakini hayo tuyaache, tumzungumzie mjinga mwenye koti.

Alhamisi akaenda kwa sonara mwenyewe, mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba kifuani.

"Yametoka mlimani, mama. Huko hata mbuzi hafiki. Babu yangu alikufa akiyatafuta."

"Pole. Babu mzaa baba au mzaa mama?"

"Wote wawili."

Sonara aliliweka jiwe shavuni, akachukua la pili, la tatu, akayapanga mezani. "Mlima wako una adabu. Yote saizi moja, kama yako foleni."

"Ni... ni mapacha."

"Baba, hii plastiki ya vifungo. Aliyeikoroga alichoka katikati."

Waziri alikuwa na jibu la polisi, jibu la mteja anayelia, hata la mteja mwenye fimbo. La mtu anayedharau kazi yake hakuwa nalo.

"Nani kachoka? Nionyeshe povu, mama! Povu moja tu!"

"Bahati hiyo."

"Bahati! Nimepitisha drai, shubiri mbili juu, dakika moja, halafu nikafunika vumbi lisiingie!"

"Na mishipa si umechora na kalamu tu? Hata mtoto anaweza."

"Kalamu? Masizi hayo! Unasubiri resini iwe nzito kama asali, unapitisha kijiti mara moja, hurudii!"

Kila sonara alipodharau, Waziri aliongeza siri nyingine, mpaka wakafika kwenye dawa ya meno. Hapo ndipo alipoona daftari chini ya mkono wa sonara, ukurasa umejaa.

"Mwaka mzima mapovu yamenitesa," sonara alisema, akifunga daftari. "Mimi nauza mawe ya kuiga, nayaandika hivyo hivyo kwenye kadi, na watu wanayataka. Ahsante sana."

"Basi nipe haki yangu!"

"Haki ya nini, na wewe umesema yametoka mlimani?"

Ijumaa mama mkwe alifika na masanduku matatu, akakikunja kitanda yeye mwenyewe. Waziri alizunguka mji mara mbili na begi lake, miguu ikamleta mlango wa nyuma wa sonara. Mama wa watu alilitazama begi.

"Kuna chumba nyuma ya karakana. Kinanuka resini."

"Nimeizoea."

"Kazi saa mbili asubuhi. Koti uvue, litagandwa na resini. Na siku nikisikia umemdanganya mteja wangu, chumba hakipo."

Hivyo ndivyo tapeli wetu alivyoangukia ajira. Wiki ya pili sonara alitoka kidogo, akamwachia kaunta. Akaingia mama mmoja mwenye mkoba mkubwa, akainua kidani.

"Hili jiwe la kweli?"

Ulimi wa Waziri ulishaanza kuteleza. Akafikiria chumba chake, akaumeza uongo kama kidonge kichungu.

"La kuiga, mama. Nimelimimina mwenyewe juzi. Resini, mchanga na masizi ya sufuria."

Mama akamkazia macho, halafu akatabasamu upande mmoja.

"Masizi ya sufuria! Mimi si wa leo, kaka. Umeliona zuri, unataka kumfichia mkeo."

"Sina mke! Naapa ni la kuiga!"

"Apa tu. Jasho hilo linakutoka la nini?"

Akaweka mezani hela ya jiwe la kuiga, kama kadi ilivyosema, akalivaa, akatoka hima bila kugeuka nyuma, kama mtu aliyemtapeli mwenzake.