Mabiringanya ya Ouseph

Jumatatu, 31 Julai
Nimehesabu tena. Jirani yangu Ouseph, juu ya paa lake, mabiringanya arobaini na moja. Mimi, matatu, na moja limeoza. Na miche tulichukua siku moja, sinia moja, kwa Bi Rukhiya wa ofisi ya kilimo! Mifuko ya kupandia ile ile myeupe, kumi na miwili yeye, kumi na miwili mimi. Vumbi la makumbi lile lile. Samadi ya ng'ombe yule yule! Ukuta kati ya paa lake na langu haufiki kiunoni. Kila asubuhi nanywa chai nikitazamana na neema ya mwenzangu. Chai haishuki.
Mke wangu Ammini anasema kasoro ni mfenesi wetu, paa lote liko kivulini kutwa. Tukate matawi mawili tu. Nimemjibu kwamba mfenesi aliupanda babu, na biringanya si shuka la kuanikwa.

Jumatano, 2 Agosti
Balaa! Chama cha wakazi wa mtaa kimetangaza shindano la Onam, sikukuu yetu ya mavuno: bustani bora ya juu ya paa. Zawadi, taa ya shaba ya kusimama, inanifika kifuani. Tangazo liliposomwa, ukumbi mzima ukamgeukia Ouseph. Mimi nikageukiwa na nani? Na feni. Mimi, postamasta mstaafu, miaka thelathini na miwili kazini! Yeye aliuza betri za magari. Akainamisha macho kama bibi harusi. Unyenyekevu wa namna ile ungepigwa marufuku.

Alhamisi, 3 Agosti
Ouseph amekuja na chipsi za ndizi. Binti yake kajifungua huko Coimbatore, anakwenda na mkewe kumwona mjukuu. Atarudi Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, siku yenyewe ya ukaguzi. Akanishika mikono miwili. "Kaka Achuthan, mimea yangu nakuachia wewe. Nimwamini nani mwingine mtaa huu?"
Nikamwambia aende kwa amani. Chipsi zilikuwa tamu. Hata hilo limeniuma.

Ijumaa, 4 Agosti
Nimefanya! Ammini alikuwa sokoni. Mifuko yake kumi na miwili nimeivusha kwangu, yangu kumi na miwili nimeipeleka kwake. Kila mmoja mzito kama ndama. Kiuno kimelia mara mbili. Si wizi. Ameniomba niitunze, nami naitunza kwa karibu zaidi.
Ammini karudi, kaangalia ng'ambo, kaniangalia mimi, kaangalia tena ng'ambo. "Baba Sindhu, hii mimea imeruka ukuta yenyewe?" Nikasema imekuja kutembea. Akasema yeye hayumo, nisimtaje hata mbele ya Mungu, wa kwetu wala wa Ouseph.

Alhamisi, 10 Agosti
Wageni wangu nawalea kifalme. Maji mara tatu kwa siku. Na dawa ya samaki, ya kukuzia mimea! Samaki wadogo na sukari guru, unavundika kwenye ndoo. Maelekezo yanasema siku ishirini. Nimengoja tano, subira yangu yote niliimaliza posta. Yanasema kijiko kimoja kwa ndoo ya maji. Nimetia kikombe.
Wamekuja paka saba. Ammini amehamia kwa dada yake mpaka harufu iishe.
Kule ng'ambo, wale vilema wangu nawamwagilia mara moja tu asubuhi, kwa kuwa niliahidi. Bila upendo wowote.

Ijumaa, 18 Agosti
Sielewi. Majani ya wageni yamekuwa manjano. Maua na mabiringanya yamepukutika yote. Mizizi inanuka. Konokono wamejaa, wale wakubwa ambao watu hapa wanawaita wa Afrika. Ng'ambo hawavuki, jua linawachoma.
Na vilema? Wana maua ya zambarau! Jana nimehesabu vitoto vya mabiringanya kumi na tisa. Miezi mitatu nimewalisha kwa jasho langu, wakaninunia. Kufika kwa Ouseph tu, wakacheka. Hata mmea unajua kumuumiza mtu.
Ammini karudi. Kasema neno moja, "Jua." Nikajifanya sisikii.

Ijumaa, 25 Agosti
Nilipanga leo mchana kurudisha kila mfuko mahali pake. Ouseph akaja asubuhi! Katangulia siku nzima bila hata simu. Nimejificha nyuma ya tangi la maji. Nikasikia ukelele. Nikajua nimekwisha.
Akaruka ukuta, mzee wa miaka sitini na nane, akanikumbatia. Machozi! Anasema hajawahi kuona mibiringanya imezaa hivyo. Kisha akaiona iliyo kwangu, ile yake mwenyewe, imekauka kama vijiti. Akaniwekea mkono begani. "Kaka, umejinyima wewe ukanitunzia mimi."
Ammini alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 27 Agosti
Jana Bi Rukhiya alikagua, leo jioni matokeo. Ouseph wa kwanza. Mabiringanya sitini na manne. Yangu! Mimea yangu, mifuko yangu, samadi niliyobeba kichwani!
Akapewa kipaza sauti. Akasema ushindi si wake, ni wa jirani yake. Akaniita nisimame. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikasimama, nikafungua mdomo niseme ile mimea ni ya nani hasa. Nikaona itabidi nieleze ilifikaje kule. Ammini alikuwa ameshika kwa nyuma shuka nililojifunga kiunoni, akavuta. Nikakaa.
Nje, Ouseph akapendekeza taa tugawane, mwezi kwake, mwezi kwangu. Nikamwambia sipokei sadaka. Nimefika nyumbani, nimeitamani taa ile mpaka meno yameuma.

Jumapili, 3 Septemba
Nimefikiri wiki nzima na nimepata jibu. Mimea hodari ni yangu. Basi kosa lilikuwa kuiacha kwa watu. Ouseph na mkewe walikwenda kanisani saa tatu. Mfuko baada ya mfuko, yote kumi na miwili nimeirudisha nyumbani, ile mikavu nimempelekea mwenyewe. Kiuno sasa hakilii tena, kimenyamaza kabisa. Naandika nimelala kifudifudi.
Ammini amepita na kikapu, akauliza kama sasa nitakata yale matawi. Nikamwambia asinivuruge. Mimea imechoka na safari, inahitaji ubaridi. Nimeipanga pale penye kivuli kizito kuliko pote, maji mara tatu, na ndoo mpya ya samaki imeshavundikwa.
Mwakani taa ni yangu.