Toa Ulimi, Mwalimu

Wapenzi wangu Mariamu na Agneta,

Mwenzenu leo nimeaibika. Asubuhi kweupe, mbele za watu, nikiwa ndani ya buibui langu jipya. Nawaandikia leo leo kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana habari za Kisauni hazingoji stempu. Mariamu, ukimaliza kusoma mpelekee Agneta. Na msisome mkiwa na chai mdomoni.

Mnakumbuka niliwaambia nimepatikana na sukari. Daktari alinipa miezi mitatu: nipunguze uzito, na sukari ya asubuhi, kabla sijala, ishuke. Isiposhuka, naanza sindano. Mariamu, wewe ulimwona marehemu mama na sindano zake. Ulimwona mapaja yalivyokuwa, na ulikuja hospitali siku waliyomkata mguu. Kwa hiyo nilipotoka kwa daktari yule nilikuwa sina mzaha hata kidogo. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa.

Aliyekabidhiwa mimi ni Sista Kadzo. Nilimfundisha mwenyewe darasa la nne, mtoto mwembamba aliyekaa karibu na dirisha, na sasa ana kofia nyeupe na saa ya kubandika kifuani. Ananiamkia shikamoo kisha ananipa amri. Alinichorea karatasi nzima ya chakula na kunifundisha kitu kinaitwa kalori. Kalori hazionekani, hazinuki wala hazina ladha, lakini ziko, na zikizidi zinakaa kiunoni. (Mimi zilihamia na mizigo yao yote.)

Akanikatia tui. Agneta, wewe mtu wa bara hutaelewa, lakini mwanamke wa pwani kupika wali kwa maji ni msiba. Siku ya kwanza niliweka sinia mbele ya Omari, nikamwambia mapema kwamba wake nitampikia mbali, wenye tui. Akatia tonge mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, akasema atakula huo huo. Miezi mitatu sasa mume wangu anakula wali wa maji na hajalalamika hata mara moja. Namshukuru, na nimemwambia, na nawaambia na nyinyi.

Ila Sista Kadzo hakunifungia kila kitu. Alisema mtu akinyimwa vitamu vyote mwisho huvamia sufuria. Basi akaniruhusu kitamu kimoja kidogo kila siku, ndani ya hesabu ya kalori: kaimati mbili, au hamri moja dogo, au konzi ndogo ya chipsi za muhogo, au kipande cha halua cha upana wa vidole viwili. (Hakusema vidole vya nani. Nikatumia vya Omari.) Ruhusa ile ndiyo iliyoniokoa. Kila siku alasiri nilikuwa na kaimati zangu mbili za kungojea, nikazila polepole kwa chai kavu, nikamaliza siku bila kuiba.

Sasa wiki hii mambo yakanipita. Jumatatu tulikuwa na mkutano wa walimu mpaka jioni, kitamu sikula. Jumanne mama mkwe alikuja na nikaona haya kula kaimati mbili mbele ya mtu anayekula kumi. Jana nilikuwa nasahihisha mitihani. Siku tatu, vitamu vitatu. Usiku nikalala nikiwaza vile vitamu vyangu vimekwenda wapi.

Na hapa ndipo akili yangu ilipopotoka. Mimi nimezaliwa na kulelewa nikijua kwamba siku ya Ramadhani ukiikosa kwa udhuru, huipotezi, unailipa baadaye, ndiyo kadha. Basi nikaona na vitamu ni hivyo hivyo. Ninavyo vitatu, nina haki ya kuvilipa. Wala sikuona shaka yoyote. Lililobaki lilikuwa kujua nitavilipa lini.

Shida ni kwamba leo nilitakiwa kwenda kliniki bila kutia kitu mdomoni tangu chakula cha jana usiku, maji matupu tu, mpaka nitolewe damu. Sista aliniambia hivyo mara tatu. Nikaitikia mara tatu.

Sasa niwaambie habari ya mabuyu.

Mnajua shuleni kwangu nina sifa moja. Mtoto akila mabuyu darasani, yale mekundu ya sukari, namkamata. Wote hujifuta midomo, wote huficha mikono, na ukimuuliza mbona vidole vyekundu, jibu ni moja tangu nianze kazi: "Ni wino, Mwalimu." Mimi sibishani. Namwambia, "Toa ulimi." Rangi ya mabuyu ukiifuta kwenye midomo, kwenye ulimi haitoki. Mbinu hiyo niliibuni mwenyewe na walimu wenzangu wameiiga.

Jana nilimkamata Mwanahamisi. Wino, ulimi, kesi imekwisha. Nikamnyang'anya mfuko mzima wa nailoni, ndio kwanza ameufungua, nikamwambia nautupa. Sikuutupa. (Ninyi mlisoma chuo na mimi, mnanijua.) Niliutia mkobani ili nikautupe nyumbani, na nyumbani nikasahau.

Leo asubuhi nimetoka nyumbani, Ziwa la Ng'ombe, kwa miguu, maana Sista alisema kutembea ni dawa. Tumbo tupu, jua limeanza, nikaingiza mkono mkobani kutafuta kitambaa. Nikagusa nailoni.

Nikajiambia mabuyu si chakula. Hayatafunwi, yanamumunywa, na kokwa unaitema. Kitu unachokitema utasemaje umekila? (Mimi huyo, ninayefunga tangu nina miaka tisa, ninayejua vizuri kwamba hata peremende inavunja saumu. Lakini nikasema ule ni mfungo wa Mungu, huu ni wa Sista Kadzo.) Nikachukua moja. La Jumatatu. Lilikuwa na sukari kwanza, kisha ndimu, kisha pilipili ikaja taratibu nyuma ya ulimi. Miezi mitatu! Nusura nilie njiani.

Nikachukua la Jumanne. Buibui ni nguo ya heshima, na pia lina nafasi. Mkono unaingia ndani, unatoka, mdomo unajifunika, na mtu akikuamkia unaitikia kwa kichwa. Nilipofika lango la kliniki nilikuwa nimekwisha lipa siku zote tatu na wiki mbili za mbele, na mfuko ulikuwa mtupu. Nikaenda kwenye mfereji nisukutue. Mfereji haukuwa na maji. Nikajifuta midomo kwa kitambaa mpaka ikaniuma, nikajiona niko safi.

Benchi lilikuwa limejaa akina mama. Na mwisho wa benchi, mkongojo wake mapajani, ameketi Bi Tatu, bibi yake Mwanahamisi, anayemlea tangu mama yake afe. Ana sukari kama mimi. Nikamwamkia kwa mdomo uliofumba. Akaitikia, akaniuliza mjukuu wake anaendeleaje darasani. Nikajibu "Mm" mbili, akaridhika.

Mlango ukafunguliwa. "Mwalimu Zuhura!"

"Abee!" nikaitikia, kwa mazoea, mdomo wote wazi. Nikaufumba haraka.

Chumba kile ni kidogo na mlango wake haufungi vizuri mpaka uusukume kwa bega, na Sista alikuwa na haraka, hakuusukuma. Kwanza akanipandisha kwenye mizani. Nimepungua kilo nne. Kilo nne, jamani! Akatabasamu, akanipigia makofi madogo, nami nikasahau dhambi zangu zote. Akaniuliza kama nimekula chochote tangu jana usiku.

"Sijala kitu," nikasema. Nilikuwa nafungua mdomo niongeze wallahi. Nashukuru kutoka moyoni kwamba sikufika.

"Vizuri sana. Nipe kidole, Mwalimu."

Nikampa. Akakishika, akachukua pamba, akachukua kile kisindano chake kidogo, akainama. Kisha akasimama hivyo hivyo, kisindano hewani. Akatazama kidole. Akatazama na cha pili na cha tatu. Vyekundu vyote mpaka kwenye kucha.

"Mwalimu," akasema taratibu. "Mbona vidole vyekundu, na hata sijakudunga?"

Na mimi, mwalimu wa miaka ishirini na moja kazini, mama wa watu wazima wawili, nikasikia mdomo wangu unasema: "Ni wino."

Sista Kadzo akaweka kisindano kwenye sahani ya bati. Alikuwa anajizuia, nilimwona shavu linamcheza. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, ila kwa sauti ile ile yangu, na mkono mmoja kiunoni kama ninavyouweka mimi:

"Toa ulimi, Mwalimu."

Nikautoa. Ningefanya nini? Niliutoa wote, kama ninavyowataka watoto wautoe, na mlango uko nusu wazi, na benchi zima limenyoosha shingo. Mwanamke mmoja akasema "Lahaula." Mwingine akacheka mpaka akapaliwa. Halafu nikasikia mkongojo unagonga sakafu, na kichwa cha Bi Tatu kikaingia mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "hayo si mabuyu ya mjukuu wangu? Mbona alinambia umeyatupa?"

Wenzangu, nilitamani ile mizani ifunguke inimeze, kilo zangu zote zilizobaki.

Sista akamrudisha Bi Tatu kwa adabu, akausukuma mlango kwa bega ukafunga. Nikakaa nikingoja kukaripiwa. Badala yake akavuta kiti akakaa mbele yangu, akaniuliza kama nakumbuka kwamba na yeye nilishawahi kumtaka atoe ulimi. Nikasema sikumbuki. Akanikumbusha. Alisema ni wino, nikamwambia autoe, kisha nikamsimamisha ubaoni na ulimi nje mpaka kengele, darasa zima likimcheka. Alisimulia bila kinyongo. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.

"Ningekupima sasa hivi," akasema, "sukari ingepanda juu mno. Karatasi ningeipeleka kwa daktari hapo chumba cha pili, na leo hii ungeanza sindano, kwa ajili ya mabuyu."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia machozi ya kweli, nikamtaja mama na mguu wake, nikamweleza na habari ya kulipa vitamu. Alisikiliza yote. Kwenye kulipa ndipo akashindwa, akacheka mpaka kofia ikainama.

"Mwalimu, mimi Mgiriama wa kanisani, lakini kaimati hazina kadha," akasema. "Kitamu cha leo ukile leo. Ukikikosa, kimekwenda."

Kisha akachukua kadi yangu akaandika: uzito umepungua vizuri, kipimo cha damu kesho asubuhi. Hakuandika mabuyu, wala hakuandika uongo wangu. Nikaona mkono wake ukiandika, na ni mwandiko nilioufundisha mimi, herufi zimelala upande mmoja. Nikamwambia asante. Nikamwambia na samahani, ya leo na ya ubaoni. Akasema ameipokea, na akaniomba kitu kimoja tu, watoto nisiwasimamishe tena. Nimemwahidi. Kama si jicho la yule binti, saa hizi ningekuwa nafundishwa kujidunga.

Nikatoka kupita mbele ya benchi. Macho yote kwenye vidole vyangu, na afadhali wangecheka tena.

Nyumbani nikamsimulia Omari kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini, akanitazama, akacheka tena. Halafu akaenda jikoni akanywa maji na kurudi, na akasema usiku huu na yeye hali kitu baada ya chakula, ili nisifunge peke yangu. Nina nini mimi cha kumlipa mtu huyu?

Alasiri nikanunua mfuko mpya wa mabuyu nikaupeleka kwa Bi Tatu. Mwanahamisi alikuwa uani anafua. Nikamtaka radhi mbele ya bibi yake, mwalimu mzima, nikampa mfuko. Akaupokea kwa mikono miwili. Akaukagua fundo kama limewahi kufunguliwa. Kisha akauinua uso wake kwangu, kwa heshima zote, akawa anautazama mdomo wangu.

Nikautoa ulimi, niliousugua kwa mswaki tangu mchana. Safi. Bibi yake akamwambia sasa anaweza kushukuru, naye akashukuru.

Kwa hiyo niombeeni kesho. Kaimati zangu mbili za leo nimekwisha kula, leo leo, na mkoba nimeukung'uta mara mbili. Saa moja asubuhi nitakuwa wa kwanza kwenye benchi, na Sista Kadzo akifungua mlango, nitamtolea ulimi kabla hajaniamkia.

Wenu anayewapenda,
Zuhura

(Agneta, usicheke. Mariamu najua ameshacheka.)